Kabla Hujafuta Jina la Mwenzako

Mdogo wetu wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Dar ananiandikia: "Dada, shikamoo. Kikundi chetu cha kazi tuko sita, mada yetu ni migogoro ya ardhi. Wanne Watanzania, mmoja katoka Bujumbura, mwingine Juba. Hao wawili hawachangii kitu, wakija kwenye kikao wanakaa kimya tu. Wenzangu wanataka tuwafute majina kabla ya kukusanya kazi. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Hasira yenu naielewa. Hakuna anayependa kukesha halafu agawane maksi na aliyelala. Ila kwanza nijibu: kikao chenu kinaendeshwa kwa lugha gani? Maana vikao vya wanafunzi wetu navijua. Mnaanza na Kiingereza, adabu zote, dakika ya tano mmehamia Kiswahili, ya kumi mko kwenye kile cha mtaani. Wa Juba kazoea Kiarabu cha Juba na Kiingereza. Pengine Kiingereza chake kinawapita nyote, lakini hapo mmeshamwacha. Wa Bujumbura shida yake nyingine: Kiswahili anakisikia, mitaa kama Buyenzi wanakizungumza, ila shule kasoma kwa Kifaransa. Ukimpa makala ndefu ya Kiingereza leo, ukataka muhtasari kesho, atanyamaza.

Na kwenye kundi la WhatsApp je? "Oya wanangu, tukutane kantini saa kumi." Huenda wa Juba alitokea saa nne asubuhi, maana kwenye saa yake kumi ndiyo hiyo. Kakaa peke yake, kaondoka, na nyinyi mkaandika kwamba hakuhudhuria.

Kwa hiyo anzeni hapo. Kubalianeni lugha ya kikao. Mkiteleza kwenda Kiswahili, na mtateleza tu, mmoja awe na kazi ya kusimamisha mazungumzo na kueleza mlipofikia. Maamuzi yaandikwe kwenye kundi kwa Kiingereza, na saa iandikwe kwa mtindo wa Kiingereza, ikionyesha ni asubuhi au jioni.

La pili, wapeni kazi yenye uzito. Najua mnachowapa: "Nyinyi pangeni marejeo na kava." Hiyo ni namna ya upole ya kumwambia mtu hana maana. Unasema mada yenu ni migogoro ya ardhi. Nyinyi mtaandika ya wakulima na wafugaji wa Kilosa na Kiteto, kama kila kikundi darasani. Lakini mna mtu anayetoka Burundi, ambako wakimbizi waliorudi walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Mna mwingine wa Sudan Kusini, ambako ng'ombe ni mali, ni mahari, na pia ni chanzo cha mapigano. Muulize: kwenu mgogoro kama huu ukizuka, anaitwa nani kwanza, chifu au polisi? Jibu lake litawafanya muitazame Kiteto upya. Ndiyo maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ila kuuliza nako kuna adabu yake. Usimrukie na habari za vita siku ya kwanza. Hujui kapoteza nani. Wala usimgeuze msemaji wa taifa zima. Muulize alichokiona yeye. Na utani pia: sisi tumelelewa nao, Mpare na Mchaga wanarushiana maneno mazito na hakuna anayenuna. Mgeni huyo hakukulia ndani ya utani huo. Ukimcheka lafudhi mbele ya watu, yeye kasikia tusi, na kikao kijacho hafungui mdomo.

Msidhani kusoma na wageni ni jambo geni kwetu. Kuanzia 1963 hadi 1970 Dar es Salaam, Makerere na Nairobi vilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na Wakenya na Waganda walikuja Mlimani, hapa Dar, kusoma sheria. Yoweri Museveni, Mganda, aliongoza hapo chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto, USARF, chenye wanachama kutoka nchi mbalimbali. Jumapili asubuhi walikuwa na darasa lao la itikadi, na mhadhiri Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana, alikuwa karibu nao sana. Hawakukaribiana kwa kuonjeshana vyakula siku ya utamaduni, ingawa chakula nacho ni kizuri. Walikuwa na jambo la kubishania, na kila mmoja aliruhusiwa kubisha.

Nawe mgeni unayesoma hapa, usingoje hadi uulizwe. Ukipotea njiani kwenye mazungumzo sema, "Samahani, rudieni." Hakuna atakayekasirika, na wengi wataona haya kidogo, jambo ambalo si baya.

Basi mdogo wangu, jina usilifute wiki hii. Itisha kikao kimoja zaidi. Wa Bujumbura achukue mashamba ya waliorudi, wa Juba achukue mifugo, kila mmoja apewe tarehe ya kuleta kazi yake kama nyinyi wengine. Asipoleta, mwambie ana kwa ana, bila kupitia kwenye kundi. Asipoleta tena, futa, kama ambavyo ungemfuta Mtanzania mwenzako. Usawa ni pamoja na hilo.