Dondoo muhimu: Toleo la kwanza lenye mkono wa mwandishi

Mkusanyaji wa vitabu wa Ijuganyondo, mjini Bukoba, hana haja ya kuwaza minada ya London. Kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria hilihili, kimezaa waandishi ambao matoleo yao ya kwanza yanastahili kusakwa.

Aanze na ukurasa wa hakimiliki. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1971. Nakala yenye jina la Kenya Literature Bureau ni ya baadaye, muuzaji aape asiape.

Kisha apime sahihi kwa tarehe. Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walimu wastaafu wa chuo hicho ndio wa kuulizwa kwanza kuhusu sahihi yake. Habari ya Aniceti Kitereza, mwandishi mwingine wa Ukerewe, inauma. Alimaliza *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980, naye akafa 1981 kabla nakala hazijamfikia. Anayeuza toleo hilo likiwa na sahihi yake aulizwe maswali mazito.

Kitabu kikishanunuliwa, kitunzwe. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu hula karatasi kimyakimya. Kabati lisiegemee ukuta wa nje, vitabu visibanane. Kava lililochanika lisibandikwe selotepu, maana gundi yake huacha doa lisilotoka. Kumbukumbu za ununuzi ziandikwe kwenye daftari la pembeni, wala si ndani ya kitabu.