Namna ya Kuutembelea Mji wa Kale wa Chiang Mai na Kuuelewa

Wageni wengi hufika Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, wakiwa na orodha ndefu ya mahekalu. Huondoka na picha tele, lakini ukiwauliza lipi lilitangulia na kwa nini lilijengwa, hawana jibu. Mji huu hauhitaji kutembelewa hivyo. Ufuate kwa mpangilio uleule uliojengwa nao, na kila kituo kitakufafanulia kinachofuata. Tenga siku tatu. Ukipata nne ni bora zaidi.

1. Chagua msimu kabla ya kununua tiketi

Miezi mizuri ni Novemba hadi Februari. Mchana jua ni la wastani, na usiku utahitaji sweta. Sherehe ya Yi Peng, ambapo watu huwasha taa na kurusha vibatari vya karatasi angani, hufanyika mwezi ukiwa mpevu, kwa kawaida Novemba. Ukiitaka, panga chumba mapema sana.

Machi na sehemu kubwa ya Aprili ni wakati wa moshi. Mabaki ya mazao huchomwa mashambani, misitu huungua, na kwa kuwa mji uko bondeni katikati ya milima, moshi hutuama. Mwenye pumu au mtoto mchanga asiende wakati huo, hata kama sikukuu ya Songkran ya tarehe 13 hadi 15 Aprili inavutia.

2. Lala ndani ya mzunguko wa handaki la maji

Mji wa kale ni mraba wenye upande wa takriban kilomita moja na nusu. Umezungukwa na handaki la maji, na mabaki ya kuta za matofali yanaonekana kwenye kona na malango. Ukipanga chumba ndani ya mraba huo, karibu kila kitu cha kale utakifikia kwa miguu. Lango la mashariki, Tha Phae, ndilo alama rahisi ya kukumbuka ukipotea.

3. Siku ya kwanza anza na mwanzilishi

Mfalme Mangrai alianzisha Chiang Mai mwaka 1296 iwe makao makuu ya ufalme wake wa Lanna. Kabla ya hapo alikuwa amejenga mji wa Wiang Kum Kam kando ya mto Ping, lakini mafuriko yalimsumbua. Kwa mji mpya alishauriana na wafalme wawili rafiki zake, Ramkhamhaeng wa Sukhothai na Ngam Muang wa Phayao. Sanamu ya wote watatu imesimama katikati ya mji, anzia hapo.

Kisha nenda Wat Chiang Man, hekalu la kwanza la mji, lililojengwa mahali Mangrai alipopiga kambi. Chedi yake, yaani mnara mtakatifu wa hekalu, imebebwa na tembo waliochongwa kuizunguka pande zote. Tafuta pia jiwe lenye maandishi ya mwaka 1581 yanayoeleza kuasisiwa kwa mji. Fika asubuhi na mapema, kabla ya makundi ya watalii.

4. Endelea na fahari, kisha anguko

Wat Phra Singh ilianza kujengwa mwaka 1345. Usiishie kwenye jengo kubwa la mbele. Pita hadi ukumbi mdogo wa Viharn Lai Kham, uzitazame picha za ukutani zinazoonyesha mavazi na maisha ya watu wa kaskazini katika karne ya 19.

Jioni, jua likipungua makali, nenda Wat Chedi Luang. Mnara wake ulikamilika katika karne ya 15 ukiwa na urefu wa zaidi ya mita 80. Kuanzia mwaka 1468 ulihifadhi Buddha wa Zumaridi, sanamu ambayo leo iko Bangkok. Mwaka 1545 tetemeko la ardhi liliangusha kilele. Katika miaka ya 1990 mnara ulikarabatiwa, lakini kilele hakikurudishwa, na uamuzi huo ulikuwa sahihi: unauona mji ulivyokuwa na ulichopoteza kwa mtazamo mmoja.

Miaka 13 baada ya tetemeko, mwaka 1558, Waburma waliuteka mji na kuutawala kwa karibu karne mbili. Vita vya kuwaondoa viliuacha mtupu kabisa. Ni mtawala Kawila aliyeujaza watu upya kuanzia mwaka 1796, akileta hata mafundi kutoka mbali. Mtaa wa Wua Lai, kusini mwa handaki, ni matunda ya kazi hiyo. Wafua fedha bado wapo, na Jumamosi jioni mtaa mzima hugeuka soko. Nunua kwa fundi mwenyewe.

5. Siku ya pili panda Doi Suthep

Magari mekundu yenye mabenchi mawili yanayotazamana, kama chai maharage za zamani za Dar es Salaam, hupeleka watu mlimani. Patana nauli kabla ya kupanda. Mapokeo yanasema tembo mweupe aliyebeba masalia ya Buddha alipanda mlima huu, akazunguka mara tatu akafa, na hekalu likajengwa alipoangukia. Barabara unayopita ilijengwa mwaka 1935 na watu waliojitolea wakiongozwa na mtawa Khruba Siwichai. Ukiweza, panda ngazi za hekalu, zaidi ya 300, badala ya kutumia lifti.

6. Kula chakula cha wenyeji

Usiondoke bila kula khao soi: tambi za mayai katika mchuzi wa nazi na bizari, juu yake tambi zilizokaangwa, pembeni ndimu, vitunguu na mboga za achari. Chakula hiki huhusishwa na Waislamu wa Yunnan, China, waliofanya biashara hapa kwa misafara ya nyumbu. Msikiti wao wa Ban Haw uko karibu na soko la usiku, na Ijumaa asubuhi kuna soko mbele yake. Msomaji Mwislamu atapata chakula halali mtaani humo. Kwingineko uliza, maana nyama ya nguruwe hutumika sana, hata katika soseji maarufu ya sai ua.

7. Shika adabu za hekaluni

Funika mabega na magoti. Vua viatu mlangoni. Ukikaa, usielekeze nyayo kwa sanamu ya Buddha. Mwanamke asimguse mtawa wala kumpa kitu mkononi moja kwa moja. Katika baadhi ya majengo, kama ukumbi wa fedha wa Wat Sri Suphan huko Wua Lai, wanawake hawaruhusiwi kuingia. Soma kibao kabla ya kukanyaga kizingiti.

Mahekalu haya si makumbusho. Watu huomba humo kila siku na kuwakumbuka wafu wao. Nenda kwa utaratibu, tembea kwa miguu, uliza maswali, na upunguze idadi ya mahekalu kuliko kupunguza muda wa kila moja. Chiang Mai imeanguka na kujengwa upya kwa zaidi ya miaka 700. Inastahili mgeni asiye na haraka.