Pawpaw ya huku si papai: kupanda miti ya matunda mahali penye kulungu

Kila mwaka theluji ikishayeyuka, simu yangu huanza kuita kwa habari ya miti. Mama mmoja wa hapa Louisville alinunua mche wa tufaha, akaupanda Jumamosi jioni, na Jumatatu asubuhi akakuta kijiti kitupu. "Nani ameniibia majani?" akaniuliza. Hakuna mwizi. Ni kulungu, yule mwenye mkia mweupe kwa chini, ambaye katika miji yetu yote mitatu, Louisville, Columbus na Buffalo, hutembea usiku kati ya nyumba kama mbuzi asiye na mwenyewe.

Wengine wana swali la kinyume: nifanye nini ili kulungu aje? Somo hili ni la wote wawili. Ukiweka mti wa matunda ardhini hapa, umewaalika wanyama, upende usipende. Ni heri ujue unamwalika nani, na sheria inakuruhusu nini akishafika.

Tuanze na anachopenda. Tufaha, ambalo watoto wetu wanaliita epo, analipenda kuliko yote: hula machipukizi, majani, na matunda yaliyoanguka. Pasimoni ni tunda dogo la rangi ya chungwa, lenye ukakasi kama ndizi mbichi kabla ya kuiva, na tamu kama tende likishalainika. Hilo nalo hulifuata. Halafu kuna mwaloni. Mwaloni mweupe hudondosha matunda yenye ukakasi mdogo kuliko ya mwaloni mwekundu, kwa hiyo kulungu hulitafuta lile jeupe kwanza. Lakini usipande mwaloni ukitarajia matunda mwaka kesho; unaweza kungoja miaka 20 au zaidi.

Chesinati ni mti wa kokwa tamu za kuchoma. Zamani misitu ya mashariki ya nchi hii ilikuwa imejaa chesinati ya Kimarekani. Mwaka 1904 ugonjwa wa kuvu uligunduliwa kwenye miti hiyo jijini New York, na katika miaka kama 50 iliyofuata miti ikafa kwa mabilioni. Ndiyo maana miche mingi inayouzwa sasa ni ya asili ya China, inayoustahimili ugonjwa huo.

Hapa naomba akina mama na watoto wasikilize vizuri. Kuna kokwa nyingine inayofanana sana na chesinati, ya kahawia, inayong'aa, na inaokotwa kwa urahisi chini ya miti ya mitaani. Ohio yenyewe imepewa jina la utani kutokana nayo: jimbo la bakai. Ile ni sumu kwa binadamu. Tazama ganda la nje: chesinati ya kula hufunikwa na miiba mingi, mirefu na myembamba, kama nungunungu, hata huwezi kuishika bila glovu. Bakai na ndugu yake aliyepandwa sana katika mitaa ya Buffalo wana ganda nene lenye vijiti vichache vifupi, au laini. Kama huna uhakika, usile. Mtoto akishaila, piga 1-800-222-1222, namba ya sumu ya nchi nzima. Haina malipo, inajibiwa usiku na mchana, na unaweza kuomba mkalimani.

Sasa mti ninaoupenda. Mwaka wangu wa kwanza Kentucky nilisikia watu wakisema wana pawpaw msituni. Nilifurahi, nikajua ni papai, maana walimu wetu wa Kiingereza walitufundisha hivyo. Nikaonyeshwa kitu kama embe fupi la kijani, ndani manjano laini, lenye mbegu kubwa nyeusi. Si papai kabisa. Ni ndugu wa stafeli na topetope, ila huyu amezoea barafu. Ladha yake ni kama ndizi na embe vimepondwa pamoja. Chuo Kikuu cha Jimbo la Kentucky, kule Frankfort, kina mradi wa utafiti wa tunda hili moja, na Ohio ililitangaza kuwa tunda lake la asili mwaka 2009. Dukani hulioni kwa sababu likiiva halikai zaidi ya siku chache.

Uzuri wake kwetu ni huu: kulungu hapendi majani yake. Matunda yakianguka atayaokota, na rakuni pia, lakini mti utakua. Panda miwili isiyo ya ukoo mmoja, maana mmoja peke yake mara nyingi hauzai. Hali kadhalika matufaha: panda aina mbili tofauti zinazotoa maua wakati mmoja, isipokuwa jirani yako tayari ana mti wake. Usile mbegu wala ganda la pawpaw.

Mjozi mweusi ni habari nyingine. Unamea wenyewe Louisville na Columbus, kindi wanafukia kokwa zake kila mahali. Mizizi yake hutoa dawa inayoua nyanya. Nimewahi kumwona baba mmoja akibadilisha mbolea mara tatu kwa nyanya zinazonyauka, kumbe shamba lake lilikuwa chini ya mjozi. Sogeza nyanya mbali, au zipande kwenye ndoo.

Kuukinga mche si kazi ngumu. Zungushia wavu wa waya wenye urefu wa mita moja na nusu, ukiacha nafasi ili ulimi usifikie majani, na ufunge kwenye vigingi. Uzio wa kuzunguka bustani nzima ni shida zaidi, kwa sababu kulungu anaweza kuruka karibu mita mbili na nusu. Usiondoe wavu mti ukishakuwa mrefu. Kuanzia Septemba madume husugua pembe kwenye mashina membamba na kuyachuna ganda, na mti uliochunwa pande zote hufa.

Sasa jambo la sheria. Mwaka juzi mzee mmoja kutoka upande wa Uvira, anayekaa Columbus, aliniita nyumbani. Alikuwa amemwaga mahindi na matufaha yaliyooza nyuma ya jengo, kulungu wanne wakawa wanakuja kila jioni. Mezani kulikuwa na waya, tayari umefungwa kitanzi.

"Mwanangu, nyama inatembea mlangoni na sisi tunanunua kuku wa barafu."

"Mzee, naomba huo waya."

Akanicheka, lakini akanipa. Nilimweleza ninachowaeleza ninyi. Katika majimbo yote matatu kumtega kulungu kwa kitanzi ni kosa, kumwinda bila leseni ni kosa, kumwinda usiku kwa tochi ni kosa, na kuingia ardhi ya mtu bila ruhusa ni kosa jingine juu ya hayo. Faini si mwisho wake. Baada ya mwaka mmoja hapa mkimbizi hujaza fomu ya grini kadi, na fomu ile inauliza kama umewahi kukamatwa au kushtakiwa kwa jambo lolote. Itakubidi ueleze, na karatasi zake uzitafute. Kwa ajili ya mnyama mmoja.

Hata kumwaga chakula tu kuna sheria. New York inakataza kumlisha kulungu. Kentucky inakataza kulisha wanyamapori mbali na nyumba katika miezi fulani ya mwaka. Ohio ina masharti makali zaidi katika baadhi ya kaunti, na baadhi ya miji ina makatazo yake. Sababu kubwa ni ugonjwa unaoitwa CWD, unaokondesha kulungu hadi afe. Wakikusanyika kwenye rundo moja la mahindi wanaambukizana kwa mate. Ulionekana kwa kulungu wa porini New York mwaka 2005, Ohio mwaka 2020 na Kentucky mwaka 2023. Zaidi ya hayo, mahindi mengi ya ghafla wakati wa baridi yanaweza kumuua kulungu kwa tumbo. Mti uliopandwa hauhesabiwi kama rundo la chakula. Huo panda.

Anayetaka kuwinda kwa haki, njia ipo: kuna mafunzo ya uwindaji, kisha leseni. Njoo ofisini nikusaidie kujiandikisha. Mzee yule alifanya hivyo. Bado hajapata kulungu, ila cheti amekitundika ukutani.

Kulungu akizoea uwanja wako, kupe nao watakuja. Jioni wakague watoto nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya magoti. Ukiona doa jekundu linalotanuka, au homa baada ya kuumwa, nenda kliniki na useme neno kupe. Kuna ugonjwa wa Lyme, na unatibika ukiwahiwa.

Wengi mnapanga nyumba, mnaniuliza kwa nini upande mti usio wako. Kambini Nyarugusu mama yangu alipanda mipapai tu, kwa sababu huzaa ndani ya mwaka mmoja hivi. Mwembe alikataa, akasema mwembe ni wa mtu anayejua atakuwapo. Tulikaa pale miaka 14. Kwa hiyo mimi siwezi kuwaambia msipande. Nasema tu: pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, na ujue mti utabaki siku utakapohama. Tufaha fupi la kupandikizwa huzaa baada ya miaka miwili au mitatu, pawpaw ya mbegu hungoja mitano hadi minane. Asiyepata ruhusa aulize bustani za jamii; hapa Louisville kuna Common Earth Gardens, inayohudumia wakimbizi.

Kama familia yako inapokea SNAP, yaani fudi stempu, inaweza kununua mbegu na miche inayozaa chakula, katika duka linalopokea kadi hiyo. Nyumba nyingi za zamani, hasa Buffalo, zilipakwa rangi yenye risasi kabla ya kukatazwa mwaka 1978, na vumbi lake limo katika udongo, basi pima udongo kabla watoto hawajaanza kuuchezea. Ofisi ya ugani wa kilimo ya kaunti yako itakuonyesha namna ya kupima. Na siku chache kabla ya kuchimba shimo, piga 811. Ni bure. Watakuja kuweka alama za rangi pale mabomba ya gesi na nyaya za umeme zinapopita chini ya majani.