Vishimo vya Mpira wa Gofu na Kasoro Iliyofichwa



Ndugu zangu wanafunzi, katika toleo hili nimepangiwa somo la fiqhi ya biashara, mlango wa kasoro za bidhaa. Vitabu tunavyosoma darasani hutoa mifano ya ngamia, tende na nguo. Mfano nilio nao mimi ni wa mpira wa gofu, na muuzaji katika mfano huu ni mimi mwenyewe.

Nimezaliwa Hima, mahali ambapo mtu huamka na kulala na mngurumo wa malori ya saruji. Likizo za shule nilipelekwa Kilembe kwa mjomba, juu ya mji wa Kasese, na huko ndiko nilikojua gofu. Ulikuwepo uwanja ulioachwa na enzi za mgodi wa shaba, katika bonde la Mto Nyamwamba, mto uleule uliofurika Mei 2013 ukabeba nyumba na kuharibu hospitali. Waliocheza walikuwa wachache. Sisi watoto tuliwabebea mifuko ya fimbo, na jioni tulitafuta mipira iliyopotea majanini na kando ya mto. (Hukumu ya vitu vilivyookotwa ni mlango mwingine kabisa, na wenzangu wa darasa wasinisumbue: wachezaji walikuwa wakituambia wazi kwamba tukiipata ni yetu.)

Mipira ile ilitoka matopeni ikiwa na madoa na mikwaruzo. Mjomba alikuwa na kopo la rangi nyeupe ya mafuta lililobaki baada ya kupaka milango. Nikapigilia misumari mitatu mitatu kwenye ubao, nikaweka mpira juu ya kila mitatu, nikapaka kwa brashi mara tatu, kila mara nikisubiri ikauke. Ikang'aa kama yai. Nikamuuzia mzee mmoja mipira minne, kila mmoja shilingi 3,000. Alikuwa amefanya kazi mgodini ujana wake, kabla shaba haijasimama. Aliugeuza mmoja mkononi, akausukuma taratibu kwenye nyasi fupi karibu na shimo, ukaenda vizuri. Akaniuliza, "Iko sawa, kijana?" Nikamjibu, "Iko sawa kabisa, mzee. Tazama inavyong'aa."

Nilijua rangi inaficha mikwaruzo. Jingine ambalo rangi ile ilifanya sikulijua mpaka nilipofika chuoni.

Mwenzangu wa chumbani anasomea uhandisi. Usiku mmoja alikuwa akijisomea mambo ya hewa na mwendo, akaniuliza kwa mzaha kama najua kwa nini mpira wa gofu una vishimo. Nilisema ni urembo, au labda ni kwa ajili ya kushika fimbo. Alicheka, kisha akanieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kunyamaza.

Simama kando ya barabara ya Hima lori la saruji likipita kwa kasi. Upepo wa mbele unakusukuma kidogo tu. Kinachoshangaza ni nyuma: vumbi, makaratasi na mifuko ya plastiki vinavutwa vikizunguka nyuma ya lori kama vinaitwa. Pale nyuma hewa imevurugika na msukumo wake umepungua, basi lori linakuwa kama linarudishwa nyuma na kile linachokiacha. Mpira unaoruka una mkia wa namna hiyo. Mkia ukiwa mpana, mpira unachoka mapema.

Mpira laini huwa na mkia mpana. Hewa inayougusa inateleza vizuri mpaka karibu na pale ulipo mnene zaidi, kisha inaachana nao. Vishimo vinaivuruga kidogo hewa ile nyembamba inayogusa ngozi ya mpira, na hewa iliyovurugwa namna hii ina nguvu ya kuendelea kuukumbatia mpira hadi nyuma zaidi kabla ya kuachana nao. Mkia unakuwa mwembamba, na kinachourudisha mpira nyuma kinapungua hadi karibu nusu. Hapo nilimsimamisha mwenzangu, kwa sababu akilini mwangu kitu laini ndicho kinachopita kwa urahisi. Akasema hata mpira laini hufikia hali hiyo, ila kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa, ambayo mchezaji wa kawaida hawezi kuifikia. Wenye vishimo huifikia chini ya kilomita 100. Mchezaji mzuri akipiga kwa fimbo ndefu mpira hutoka kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, kwa hiyo kasi ya mchezo wote wa mapigo marefu imeangukia mahali ambapo vishimo vinafanya kazi na ulaini haufanyi.

Kuna jambo la pili. Fimbo haiupigi mpira ukaenda tu. Inauzungusha kinyumenyume, mara 40 na zaidi kwa sekunde. Mzunguko huo unaiburuta hewa ya juu kuelekea nyuma na kuitupa chini, na mpira nao unasukumwa juu. Ndiyo maana unaona mpira wa gofu unakaa hewani kuliko inavyostahili jiwe la uzito huo. Vishimo vinausaidia mpira kuishika hewa katika kuzunguka huko pia. Mambo haya ya mzunguko aliyachunguza Peter Guthrie Tait, profesa wa fizikia wa Edinburgh, miaka ya 1890. Mwanawe Freddie alikuwa bingwa wa gofu ya ridhaa wa Uingereza mwaka 1896 na 1898, basi majaribio hayakumpungukia mpigaji.

Wachezaji wenyewe walikuwa wameyagundua kabla ya maprofesa. Katikati ya karne ya 19 mipira ilianza kutengenezwa kwa utomvu mgumu wa mti, gataperka, nayo ilitoka laini. Wakaona ajabu: mpira mpya unaanguka mapema, uliokwisha pigwapigwa na kuchubuka unakwenda mbali. Wakaanza kuigonga kwa nyundo mipira mipya kwa makusudi. Mwaka 1905 Mwingereza William Taylor akasajili haki ya ubunifu wa vishimo vya duara, na leo mpira mmoja huwa navyo kati ya 300 na 500 hivi. Kipenyo cha mpira hakipungui milimita 42.67 na uzito hauzidi gramu 45.93, ndivyo kanuni zinavyotaka. Kina cha kila kishimo ni karibu robo ya milimita.

Robo ya milimita! Rangi ya mafuta ikipakwa kwa brashi haikai sawasawa. Inateremka na kujikusanya penye bonde. Mara tatu nilizopaka zilitosha kufukia sehemu kubwa ya kina hicho. Nilichukua mpira uliochubuka lakini mzima, nikaurudisha kwenye ubaya ule ambao watu waliukimbia zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Tena brashi ya mtoto hupaka upande mmoja zaidi ya mwingine, na mpira ambao pande zake hazifanani hupinda njia. Katika miaka ya 1970 Marekani ilitoka mipira ya Polara, ambayo vishimo vyake vilitofautishwa kwa makusudi ili ijinyooshe yenyewe hewani. Chama cha Gofu cha Marekani kikaweka sharti mwaka 1981 kwamba mpira uruke sawa, vyovyote ulivyowekwa kabla ya kupigwa. Wale walikuwa wanafizikia na wanakemia. Mimi nilikuwa na kopo la mjomba.

Sasa turudi kwenye fiqhi, kwa sababu hapa ndipo somo letu lilipo.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wanasema kasoro inayompa mnunuzi haki ya kurudisha ni kila kinachopunguza kitu chenyewe au thamani yake, kikaondoa lengo sahihi la mnunuzi, ikiwa vitu vya aina hiyo kwa kawaida havina kasoro hiyo, na ikiwa ilikuwepo kabla mnunuzi hajakabidhiwa. Mpira wa gofu hununuliwa uruke. Kwa hiyo vishimo vilivyofukiwa ni kasoro bila ubishi.

Lakini mzee si aliujaribu? Aliusukuma kwenye nyasi, na hapo vishimo havina kazi kubwa; mpira unaobingirika taratibu hauijui hewa. Kasoro hii haionekani kwa macho ya haraka wala kwa jaribio lile, inajitokeza kwa pigo refu tu. Hiyo ndiyo kasoro iliyofichika, na kukagua kwa mnunuzi hakuiondoi haki yake. Mnajua kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni, alipotia mkono katika rundo la chakula vidole vikakuta umaji, naye muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Hakuulizwa kwa nini mvua ilinyesha. Aliulizwa kwa nini kilicholowa hakikuwekwa juu watu wakaona, kisha likafuata onyo kali juu ya wenye kughushi.

Nilipofika hapa nilijaribu kujitetea: mimi sikujua. Ndugu zangu, utetezi huo unapunguza dhambi, hauondoi deni. Haki ya mnunuzi imefungwa na kasoro, haikufungwa na nia ya muuzaji. Na hata dhambi siwezi kuikana yote, maana mikwaruzo niliificha nikijua. Wanaouza simu na kompyuta zilizotumika hapa chuoni kwa maneno ya "ukinunua umenunua" wasome mlango huu kwa makini. Wahanafi wanaliachia nafasi pana sharti la muuzaji kujitoa katika kasoro. Kwetu sisi kauli yenye nguvu haimtoi ila katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, na simu si mnyama.

Mzee alinunua mipira minne. Kama mpira bado upo, anaurudisha mara tu anapojua kasoro na kuchukua bei yake yote. Kama umekwisha potea, hawezi kurudisha, basi anastahili fidia inayoitwa arshi. (Neno hili lisiwachanganye na Arshi ya Mwenyezi Mungu; ile inaanza kwa ayn, hii kwa hamza.) Fidia hii haitolewi kwa kukisia. Tazama mpira mzima uliotumika thamani yake ni ngapi, tuseme 4,000. Wenye kasoro hii, 1,000. Pengo ni 3,000, yaani robo tatu ya thamani ya uliokuwa mzima. Basi fidia ni robo tatu ya bei aliyolipa: robo tatu ya 3,000 ni 2,250. Wengi hukosea hapa wakarudisha lile pengo lote la 3,000, kana kwamba kitu hakikuwa na thamani yoyote. Na kama mpira upo, lakini mnunuzi akachagua kubaki nao ilhali anaweza kuurudisha, hana fidia.

Likizo iliyopita nilipanda Kilembe. Mzee yupo, ingawa hachezi tena ila mara mojamoja. Nikamsalimia, nikajitambulisha, nikamwambia lililonileta. Akakaa kimya, kisha akaniuliza ilikuwa mwaka gani. Nikamwambia. Akasema mwaka ule ndio alioanza kuamini kwamba mikono imemwisha. Alikuwa amezoea kuvuka mti fulani kwa pigo la kwanza. Siku ile hakuufikia, wala pigo lililofuata, wenzake wakamtania, akajiambia uzee umefika. Akapunguza kwenda. Hakunilaumu. Alikuwa akihesabu kitu kichwani.

Nilikuwa nimesoma juu ya fidia usiku mzima. Hilo halikuwemo katika hesabu yangu.

Mipira mitatu ilikwisha potea zamani. Wa nne aliuchimbua chini ya mfuko wa fimbo, bado mweupe, rangi imepasuka mahali pamoja. Akachukua na mmoja safi, tukaenda uwanjani polepole. Akapiga ule safi kwanza, kisha wa rangi, fimbo ileile. Nilihesabu hatua mwenyewe: 171 kwa ule safi, 118 kwa wa rangi, nao wa rangi ulikuwa umepinda kushoto. Akaniambia nirudie kuhesabu. Nikarudia.

Nikatoa fedha. Mitatu iliyopotea, 2,250 kila mmoja, ni 6,750. Na wa nne anirudishie nimpe 3,000 yake kamili. Nikamweleza pia kwamba akibaki nao hana chochote juu ya huo. Akaugeuza mkononi kama alivyofanya siku ile ya kwanza.

"Huu sirudishi, mwanangu," akasema. "Jumapili nataka wauone."

Akapokea 6,750, akaihesabu, akautia mpira mfukoni.