Ulimi waweza kukuficha sukari iliyomo katika mvinyo

Ukikaribishwa mvinyo mweupe karamuni na kuambiwa kwamba hauna sukari, usiharakishe kuamini, hasa ikiwa unaugua kisukari. Kuna zabibu iitwayo Riesling ambayo hudanganya ulimi. Imetajwa katika maandishi ya Ujerumani tangu 1435, na hustawi penye baridi, kama vile bonde la mto Mosel.

Utaitambuaje? Anza na pua. Mimina kiasi kidogo, zungusha glasi polepole, kisha nusa. (Ukiwa na mafua ahirisha zoezi hili, kwani sehemu kubwa ya kile tuitacho ladha hutoka puani.) Riesling changa hunukia ndimu na tofaa la kijani, pengine pichi. Iliyokaa chupani miaka mingi huweza kunukia mafuta ya taa! Usidhani imetiwa sumu. Harufu hiyo hutokana na kemikali iitwayo TDN kwa kifupi, ambayo chanzo chake ni rangi za jamii moja na ile ya karoti zilizomo ndani ya zabibu. Ukinusa waridi, na uchachu uwe mdogo, huenda hiyo ni Gewürztraminer.

Sasa onja. Riesling itakutoa mate kama ndimu, kwa sababu baridi huifanya zabibu iive bila kupoteza uchachu wake. Uchachu huo ndio unaoficha sukari. Lita moja ya Riesling ya daraja la Kabinett huweza kuwa na gramu 40 za sukari, na mnywaji asishtuke.

Kwa hivyo soma lebo. Neno 'trocken' kwenye chupa ya Ujerumani lina maana kwamba sukari haizidi gramu 9 kwa lita. Usipoliona, tazama kiwango cha pombe. Asilimia 8 ni dalili kwamba sukari nyingi haikugeuka kuwa pombe. Asilimia 12 au zaidi, kwa kawaida iliyobaki ni kidogo.

Hata hivyo, sukari kidogo si ruhusa ya kunywa. Kwa anayetumia insulini, pombe kwenye tumbo tupu huweza kushusha sukari ya damu saa kadhaa baadaye, hata akiwa usingizini, maana ini huwa linashughulikia pombe badala ya kutoa sukari. Atatetemeka, atapepesuka, na walio karibu watadhani amelewa tu. Muulize daktari wako kwanza. Akikuruhusu, kula kabla ya kunywa, na umjulishe mwenzako mezani kwamba unatumia insulini.