Kughani ni Kuhifadhi: Tafakuri ya Msomaji Chipukizi

Nilipojiunga na chuo kikuu, niliyasoma mashairi kama karani ahesabuye fedha za watu: mizani 16 katika mshororo, vina vya kati na vya mwisho, kituo, basi. Daftari lilijaa, moyo ukabaki mtupu.

Usiku mmoja, mwenzangu wa chumbani aliniomba nimsomee shairi la Muyaka bin Haji. Nilipolighani, ukwapi ulikuwa kama unauliza na utao ukijibu. Mwenzangu akanikatiza: "Rudia hapo!" Tukajadiliana kuhusu neno moja la Kimvita hadi usiku wa manane. Hapo ndipo nilipoonja utamu ambao hesabu ya mizani haikunipa.

Historia nayo yatufunza hayo hayo. Muyaka alifariki mwaka wa 1840, ilhali diwani yake, iliyohaririwa na William Hichens, ilichapishwa mwaka wa 1940. Kabla ya kuandikwa, mengi ya mashairi hayo yaliishi vifuani na vinywani mwa Wamombasa. Mwalimu Sikujua ndiye aliyemsaidia W. E. Taylor kuyakusanya mwishoni mwa karne ya 19. Lau wapenzi wake wangaliyafurahia kimoyomoyo tu, leo tungalikosa cha kuhakiki.

Ndugu msomaji, uhakiki una nafasi yake, nami siubezi. Hata hivyo, shairi ni amana: asomaye huipokea, aghaniye huifikisha. Kabla ya kuhesabu mizani, mghanie mwenzako ubeti mmoja, kisha umsikilize.