Amplifaya Moja, Nyimbo za Kila Aina

Bendi inayopiga kopi hubadilisha mahadhi usiku kucha: rumba, zuku, rege, kisha roki. Kwa hiyo, kabla hamjachangisha bumu mkaenda dukani, jueni cha kusikiliza: sauti safi. Ikiwa nzuri, mkwaruzo mtauongeza kwa pedali. Amplifaya inayokwaruza muda wote, hakuna pedali ya kuisafisha. Ndiyo maana Roland JC-120 ya mwaka 1975 inaheshimika mpaka leo. Wati nazo zisiwazuzue: kwa spika zilezile, wati 100 huzizidi 50 kwa desibeli 3 tu. Ijaribuni drams na besi zikilia, maana chumbani kila amplifaya ni tamu. Mwisho, inyanyueni. JC-120 ina kilo kama 28, na daladala ni ileile.